Mlima Niliomsimulia Bi Raya

Rahma alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa jikoni kwangu Darsait, hapa Maskati, napika vitumbua, na kabla ya salamu kwisha akasema, "Wamempata." Hakutaja jina, na mimi sikuuliza nani. Nilizima jiko nikasimama na simu sikioni, nikimsikia anavyovuta pumzi, mwanamke anayekaribia miaka hamsini ambaye mara ya mwisho nilipozungumza naye kwa kirefu alikuwa bado anavaa sare ya skuli. Akanieleza kwa vipande vipande. Barafu ya mlima ule imekuwa ikipungua kila kiangazi. Wapanda milima wawili wameona kiatu na kipande cha ubao vimetokeza. Habari zikapelekwa ubalozini, na Rahma akatoa mate yake kwenye kijiti wakayalinganisha na mwili ule. Ndiye. Ni kaka yake Khalfan, aliyepotea chini ya theluji miaka thelathini na kitu iliyopita, akiwa na miaka ishirini na saba. "Nakwenda kumchukua," alisema Rahma. "Tutamzika hapa. Nataka siku hiyo uwepo nyumbani." Nikamwambia inshallah. Nilipoiweka simu chini, la kwanza lililonijia halikuwa dua wala machozi. Niliwaza kwamba mimi sasa nina mvi na goti bovu, na yeye bado ni kijana.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza katika ofisi ya safari iliyokuwa juu ya duka la dawa, Khuwair ya Kusini. Tulikuwa watatu. Alikuwepo mwenye ofisi, ambaye muda mwingi alikuwa nje akinywa kahawa na wateja. Alikuwepo Atieno, Mkenya kutoka Kisumu, aliyekata tiketi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Na nilikuwepo mimi, Nasra, mwenye miaka ishirini na nne. Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kizuri nilipewa rafu ya milima: vitabu vya picha kutoka Austria, Ufaransa na Uswisi, vya karatasi laini iliyoteleza vidoleni, kila ukurasa una anga la buluu na watu wanaocheka wakiwa na miwani mikubwa. Watu wa Maskati walikuwa wameanza kutaka baridi. Wengi walitaka kuiona tu, wapige picha na watoto, warudi. Theluji pekee niliyoijua mimi ni ile ya kubandua kwa kisu kwenye friji ya nyumbani, lakini wateja waliponiuliza nilijibu kama niliyezaliwa huko. Niliyasoma maelezo ya vitabu vile mpaka nikayahifadhi. Leo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikizungumza, kwa uhakika ule, na mkono umekaa juu ya picha, natamani mtu angeniuliza swali moja tu: wewe umefika?

Khalfan aliuliza. Aliingia siku moja ya mwezi wa Machi baada ya kazi, na fulana yake ina jasho mgongoni, akataka kujua wapi atapata theluji nzuri mwezi wa Mei. Alisomea uhandisi Ujerumani na huko alijifunza kuteleza juu ya ubao wa theluji, ubao mmoja wa miguu yote miwili, mtu anasimama ubavu kama anayepita kwenye kichochoro chembamba. Tangu arudi kazini Oman alipewa likizo mwezi wa Mei tu, na mwezi huo milima mingi imeshavuliwa nguo. Ndivyo alivyosema, "imeshavuliwa nguo," na Atieno akacheka nyuma ya mashine yake ya tiketi. Akanifundisha alichokijua. Chini mabondeni ng'ombe wanakuwa wameanza kula majani, lakini juu kabisa, penye barafu isiyoyeyuka mwaka mzima, vituo vichache vinabaki wazi. Usiku theluji inaganda kuwa kama saruji. Saa tatu asubuhi jua linalainisha ngozi yake ya juu, kama siagi iliyotolewa kwenye friji, na mpaka saa sita unateleza bila kelele. Baada ya hapo inakuwa uji, na mwenye akili anashuka kula. "Wewe umefika?" aliniuliza alipomaliza. Nikasema sijafika. Ni mteja pekee niliyemwambia kweli.

Alikuja jioni nyingi baada ya hapo. Tulikuwa tukitandaza vitabu juu ya zulia kwa sababu meza haikutosha, tukapima kituo kimoja baada ya kingine. Kile cha Ufaransa kilikuwa na miteremko mirefu kuliko yote, lakini kinafunga mapema. Kile cha Uswisi kilikuwa na treni inayopita ndani ya mlima, na watu wanaokwenda kula zaidi kuliko kuteleza. Cha tatu kilikuwa kijiji kidogo cha Austria chini ya barafu iliyo juu sana, na mwisho wa msimu vijana wa ubao walikusanyika huko kutoka kila nchi. Jina lake sitaliandika. Mimi ndiye niliyeweka kidole juu ya picha yake nikasema, "Hapa." Siku hiyo aliniinua nisimame juu ya zulia, akaniambia nikunje magoti, nigeuze bega, nitazame ninakotaka kwenda na si miguu yangu. Nilisimama hivyo katikati ya ofisi na abaya yangu nimeikusanya mkononi. "Sasa unateremka," alisema. Hakunigusa. Alipoondoka Atieno aliniangalia kwa muda. "Huyo si mteja, wewe," akasema. "Huyo hukuja kuangalia mlima." Nikamwambia anyamaze, na moyo wangu ulikuwa unapiga kweli kama wa mtu aliyeteremka.

Wiki moja kabla ya safari yake faksi ilifika kutoka kituoni. Nilikuwa peke yangu ofisini. Ilisema mwaka huo joto limewahi, theluji iliyofunika nyufa za barafu imekuwa nyembamba, na upande wa juu, nje ya bendera zinazoonyesha njia salama, mtu asipite bila mwongozaji. Tena waongozaji wataondoka kabla ya siku ambayo Khalfan angefika. Niliisoma mara mbili. Nilipiga simu nyumbani kwao, ikapokewa na mdogo wake, Rahma, ambaye alimwita kwa kelele. Nikamsomea Khalfan faksi yote kwa Kiswahili. Akacheka kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kusikiwa. "Ntakaa ndani ya bendera, Nasra," alisema. "Nimengoja mwaka mzima. Lakini usimwambie mama, nakuomba." Nikasema sitamwambia. Nilifurahi, na ndilo ninaloona aibu nalo zaidi kuliko mengine. Nilifurahi kwamba sasa tuna siri yetu wawili.

Ijumaa kabla hajaondoka nilialikwa kwao chakula cha mchana, hapo hapo Darsait, mitaa miwili kutoka ninapokaa sasa. Mama yake, Bi Raya, alipika wali wa nazi, mchuzi wa papa na mkate wa kumimina, akaniweka ubavuni mwake, na kila nilipopunguza sahani aliijaza tena. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyepeleka macho pembeni anapokusemesha. Tulipokuwa tunanawa mikono aliniuliza mbele ya wote, "Haya, weye ndo unajua huko. Nambie kweli. Kuna khatari?" Khalfan alikuwa amekaa upande wa pili wa sufuria. Aliniangalia. Nikasema, "Hakuna khatari, Bi Raya. Watoto wadogo wanacheza huko." Akasema alhamdulillahi, akanipa taulo. Khalfan akashusha pumzi, akamtania mama yake kwamba atamletea theluji kwenye chupa ya chai. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka.

Habari ilikuja siku yake ya nne kule. Simu ya ofisi iliita asubuhi na Atieno akaipokea. Nilimwona anaandika kitu kisha anaacha kuandika. Akaiweka simu taratibu, akaja mezani kwangu, akageuza kiti changu kikaelekea ukuta, asitake nitazame mlango. "Nasra, kaa hivyo hivyo," alisema. "Usisimame kwanza." Khalfan alikuwa amepita nje ya bendera baada ya saa sita, theluji ikiwa imeshakuwa uji, pamoja na kijana mmoja Mjerumani. Mjerumani alipita. Khalfan aliyefuata nyuma, theluji ilifunguka chini yake. Walimtafuta siku tatu wakaacha, kwa sababu juu palikuwa panaendelea kuyeyuka na watafutaji wenyewe wangeanguka. Maiti haikuwepo. Wanaume walimsalia msikitini bila ya jeneza, na nyumbani wanawake walikaa wiki nzima wakiwa hawajui wamlilie vipi mtu ambaye hakuletwa. Faksi niliikunja nikaiweka ndani ya pochi yangu, na siku ya tatu ya msiba nikaichana chooni kwa Bi Raya, vipande vidogo vidogo, nikavuta maji mara mbili.

Nilidhani sitarudi tena katika nyumba ile. Lakini Ijumaa iliyofuata Bi Raya alimtuma Rahma aniite. Tulikula, kisha akanichukua chumbani kwa Khalfan akafunga mlango. Nilishtuka kwa baridi. Nje ilikuwa Juni, lami inanata viatuni, na humo ndani mashine ya kupoza hewa ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote. Alikuwa haizimi, usiku wala mchana. Alinipa shali, naye akajifunika lake, tukakaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe. "Nieleze pale alipo," alisema. "Mie sijui hata nimfikirie wapi. Nikifumba macho naona bahari tu." Nikamweleza. Nilianza na yaliyomo vitabuni: kijiji, kanisa lenye paa la ncha, kamba za chuma zinazowapandisha watu. Alifunga macho akasikiliza, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ijumaa iliyofuata akataka zaidi. Vitabu vilikwisha kabla ya Julai. Baada ya hapo nilitunga. Nilimwambia juu kule ni kimya, mpaka mtu anasikia damu yake inavyotembea. Nilimwambia kuna mwanga wa buluu ndani ya barafu, laini, kama wa chumba chenye pazia. "Anasikia baridi?" aliniuliza siku moja, na meno yake yanagongana. Nikasema hasikii. Nilisema barafu ikishamkubali mtu haimdhuru tena. Sijui nililitoa wapi neno hilo.

Kuna Ijumaa moja nilikuwa nimepanda ngazi kuelekea chumbani nikawasikia shangazi zake Khalfan wanazungumza sebuleni. Mmoja alisema, "Huyu ndo aliyempeleka mtoto. Kamchagulia na mahala pa kufia. Kisha anakuja kula." Nikasimama. Nilitaka Bi Raya akubali, anifukuze, iishe. Badala yake nilimsikia akisema kwa sauti yake ile ya chini, "Mwacheni. Mie sina macho mengine huko ila yake." Nilishuka ngazi, nikatoka mpaka barabarani, nikasimama kwenye jua hadi shela ikaniunguza kichwa. Halafu nikarudi ndani, nikaingia chumbani, nikavaa shali, nikamsimulia upepo. Mwaka ule wote niliishi hivyo. Usingizini nilikuwa nikimwona Khalfan amesimama juu ya zulia la ofisi, magoti ameyakunja, anatazama miguu yake. Atieno aliniambia nimekonda. Aliniambia pia, "Mwambie huyo mama ukweli, aki. Unamjengea nyumba kwa hewa." Ni yeye peke yake aliyejua kuhusu faksi. Nikamwambia nitamwambia Ijumaa ijayo, na Ijumaa zikapita.

Mwezi wa Aprili Bi Raya aliniambia amekata pasipoti. "Nipeleke," alisema. "Unapajua." Sikupata njia ya kukataa. Tukaenda Mei, sisi wawili, yeye akiwa amevaa koti la Khalfan juu ya abaya, mikono yake imepotea ndani ya mikono ya koti. Kituo kilikuwa wazi bado, siku zake za mwisho. Hapakuwa kama nilivyomsimulia hata kwa sehemu moja. Mabasi yalikuwa yanapiga honi kwenye tope. Muziki ulitoka kwenye spika kubwa, vijana wenye pua zilizoungua na jua walikuwa wanakula viazi vya kukaanga huku mbao zao zimesimamishwa ukutani, na theluji ya chini ilikuwa ya kahawia kama sukari guru. Nilingoja aseme kitu. Tulipanda kwenye kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, na kadiri tulivyopanda alinishika mkono kwa nguvu zaidi. Juu palikuwa na mwanga mkali unaoumiza macho, na kelele za maji yanayotiririka kila mahali chini ya theluji, usiyaone. Bi Raya alisimama akageuka pole pole, pande zote. "Si kimya," alisema.

Mzee mmoja anayeangalia kamba alituona, akatambua sisi ni nani, kwa sababu nilikuwa nimewaandikia watu wa kituo. Akavua kofia. Alizungumza Kiingereza cha taabu, taratibu, akionyesha kwa kidole safu ya bendera nyekundu na weupe uliokuwa nyuma yake. Bi Raya akanivuta mkono wa nguo. "Anasemaje?" Ningeweza kusema anatupa pole. Nimeshafikiria mara nyingi kwa nini sikusema hivyo, mimi niliyekuwa nimemdanganya Ijumaa zote za mwaka. Nadhani ni zile kelele za maji. Nilisema, "Anasema mwaka ule joto liliwahi. Walituma onyo kwa kila ofisi yenye mgeni."

"Ofisi yenu ililipata?"

"Ililipata."

"Nani alilisoma?"

"Mie."

Alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira bado, ulikuwa kama wa mtu anayesubiri maneno ya kigeni yafasiriwe. "Na mwanangu?" aliuliza. "Mwanangu aliambiwa?"

Hapo ndipo nilipomwona Khalfan kama alivyokuwa siku ya wali, ananitazama juu ya sufuria, anashusha pumzi. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, mama huyu ataanza kumpoteza upya, na safari hii atakayempoteza ni yule aliyecheka mbele yake akijua. Nikasema, "Hakuambiwa. Nilimficha na yeye."

Bi Raya aliuachia mkono wangu. Hakunipiga, hakulia mbele yangu. Alikwenda peke yake mpaka kwenye bendera, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya theluji, akakaa hivyo mpaka mzee yule akaogopa akaenda kumwinua. Siku mbili za kurudi hakunisemesha. Maskati, tulipotoka uwanja wa ndege na joto likatupiga usoni, alisema bila kunitazama, "Ijumaa usije." Sikwenda, ile wala nyingine yoyote. Niliacha kazi ile, nikaolewa, nikalea, nikafundisha Kiingereza. Tulikutana sokoni Matrah mara moja baada ya miaka; akasimama, akaniangalia kama alivyozoea, bila kupeleka macho pembeni, akapita. Alipofariki nilikwenda kwenye msiba nikakaa karibu na mlango, nikaondoka kabla ya chakula. Nilijiambia nimefanya vyema. Nilijiambia nimembakishia mtoto asiyekuwa na kosa. Lakini kuna asubuhi nilikuwa naamka nikijua kwamba nilimnyang'anya kitu pia, kwani aliishi miaka yote ile akiamini mwanawe alikanyaga pale kama kipofu, na kwamba kuna mtu angeweza kumwita arudi.

Khalfan aliletwa wiki iliyopita, Alkhamisi, katika sanduku lililofungwa. Nilifika nyumbani kwao baada ya Alasiri, wanaume wakiwa wameshakwenda naye makaburini. Chumba chake kimekuwa cha wajukuu, kina vitanda viwili na bango la mpira. Rahma aliniingiza humo akaufunga mlango. Amefanana na mama yake kwa sauti. Aliniambia kule walimruhusu kumwona uso. "Nilikwenda na maneno yangu yote," alisema. "Nilitaka kumgombeza. Nikakuta mtoto, Nasra. Mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Ningemgombeza vipi?" Akawa anakunja na kukunjua ncha ya shela. Kisha akasema, "Kwa nini ulimwambia mama kwamba hakujua?"

Niligeuka nikatazama bango la mpira.

"Nilikuwa kwenye ngazi siku ile uliyompigia simu. Nilimsikia anakwambia usimwambie mama. Mama aliporudi na lile neno lako, nikajua umesema uwongo, na kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikasema ntamwambia kesho. Kisha ikawa vigumu. Alikuwa na wewe wa kumkasirikia. Ningemwambia, angebaki na nani? Na Khalfan? Na mie niliyesikia nikanyamaza?"

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikaa juu ya kitanda cha mtoto nikahesabu alichoninyima: Ijumaa zote zile, ule mkono uliouachia wangu mlimani, msiba niliokaa mlangoni. Nilitaka kumwambia maneno ambayo yasingerudishika. Nikamwangalia, na mbele yangu alikuwa mwanamke aliyechoka, aliyekwenda peke yake nchi ya baridi kumtambua kaka yake, akarudi, na hata kabla ya kuvua viatu akaanza kupika kwa ajili ya watu mia. Hana mtu mwingine duniani wa kumwambia hili, kama nami nisivyokuwa naye.

"Mama yako hakuuliza tena?" nilisema.

"Hakuuliza. Lakini kila mwaka mwezi wa Mei alikuwa anaomba, na dua ya mwisho alikuombea wewe. Kwa jina. Nilikuwa simwelewi. Sijui alijua au hakujua."

Hatutajua. Tulikaa hivyo, hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, labda kwa kuwa hatukujua nani aanze. Nje magari ya wanaume yakaanza kurudi kutoka makaburini, milango inafungwa mmoja baada ya mwingine. Rahma akajifuta uso, akanishika mkono akanisaidia kuinuka kwa sababu ya goti langu, tukashuka jikoni kupakua wali.